Nafasi Mbili Katika Mstari wa Tatu

Tlangvar
9 Oktoba 1988

Mawite wangu,

Kabla ya neno lolote: unakula? Nijibu hilo kwanza, mengine yatafuata. Bi Kapzuali wa jirani aliiona picha uliyotuma akasema umebaki macho na meno. Nikamwambia, wewe mashavu yako yametosha watu watatu na hakuna aliyekuuliza. Lakini alipoondoka niliitazama tena ile picha karibu na dirisha, na nikaona hakusema uongo.

Nimekutumia kopo la mafuta ya nguruwe yaliyovundikwa, kwa dereva wa lori anayekuja huko Kalkuta. Nimelifunga plastiki tatu, maana mara ile ulisema msimamizi wa bweni alidhani panya amefia ukutani. Mwambie ni dawa ya kifua. Na sweta ya kijani uivae, usiitunze. Sweta haiwekwi akiba.

Huku mpunga wa mlimani tumevuna nusu. Mgongo unauma kidogo, si wa kukutia wasiwasi, nimekuambia tu ili usisikie kwa Kapzuali.

Habari kubwa ni macho ya Mzee Hrangchhinga. Yameingia ukungu, yote mawili. Na wewe unajua bila yeye kanisa letu halina wa kutaja kila mstari kabla watu hawajauimba. Jumapili alisimama kutaja mstari wa pili, akataja wa wimbo mwingine kabisa. Nusu ya watu wakamfuata, nusu tukabaki tulipokuwa, ikawa bata na kuku banda moja. Mke wa mchungaji alificha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika.

Sasa wazee wa kanisa wanatafuta mtu wa kutaja mistari siku ya Krismasi. Unajua walikuja kwa nani? Kwangu! Eti nazijua nyimbo zote kwa moyo. Nikawaambia, waheshimiwa, mimi niliacha shule darasa la pili, kusoma kwangu ni kama kuokota mchele kwenye mchanga. Halafu tangu kanisa lijengwe, mwanamke gani amesimama pale mbele akawatajia wanaume mstari? Wakanywa chai, wakaenda. Nakuandikia ucheke.

Na huyo Mwalimu Arathoon wako wa piano, moyo wake umelainika? Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita. Ukiniandikia machache mimi najua kuna mengi.

Mama yako,
Darthiangi


Kalkuta
24 Oktoba 1988

Mama,

Ninakula. Nimekula leo asubuhi, mchana, na jioni nitakula. Kopo limefika salama. Msimamizi alisimama mlangoni ameziba pua akaniuliza, "Ramdinmawii, hiyo dawa ni ya kuponya au ya kuua?" Sucheta tunayelala naye chumba kimoja alionja kwa ncha ya kidole, akauliza wali uko wapi. Sasa tunalificha wawili.

Kwa Mwalimu Arathoon mambo ni mazuri. Anasema nina mikono yenye nguvu.

Kuna jambo nataka unisaidie. Mwaka huu sisi saba wa piano hapa chuoni, Sucheta akiwemo, tumepewa kazi moja. Kila mtu achukue wimbo wa zamani wa Krismasi wa nyumbani kwao, autengeneze mwenyewe uwe wa piano peke yake. Hakuna mwimbaji, hakuna kwaya, ni vidole kumi tu. Na uwe mgumu, wa kuwafanya watahini wakae ukingoni mwa viti vyao. Tutapiga ukumbini tarehe 12 Desemba mbele ya watahini watatu. Watatu kati yetu wataendelea na mwaka wa mwisho. Wengine watapewa mkono wa kwaheri.

Nimechagua "Mchungaji Aliyebaki". Ninao kwenye kitabu, lakini kitabuni umekaa kama mfupa wa samaki, nyama haipo. Niandikie wewe, kwa solfa, kama mdomo wako unavyoimba. Sauti ya kwanza tu, inatosha. Tafadhali usitazame kitabu, Mama. Nakujua. Usitazame.

Na kwa nini umewakatalia wale wazee?

Mwanao,
Mawite


Tlangvar
6 Novemba 1988

Mawite wangu,

Watatu kati ya saba! Maana yake wanne wanafungasha mizigo, na wewe unaniambia kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Wewe umo kwenye watatu au umo kwenye wanne? Usinifiche. Mimi ni mama yako, nilikujua kabla hujawa na jina.

Karatasi hiyo hapa. Nimetumia nyuma ya kalenda ya duka la mbolea, mwezi wa Septemba, umekwisha hauna kazi tena. Uniwie radhi kwa alama ya mguu, kuku alipita kabla wino haujakauka.

Haikuwa kazi ndogo. Nilikaa jikoni mbele ya moto, naimba mstari, nanyamaza, naandika d, r, m, naimba tena kuona kama karatasi na mdomo vinakubaliana. Kapzuali akapiga kelele toka kwake, "Darthiangi! Krismasi imekuja kwako peke yako?" Nikamjibu, "Njoo uimbe alto au funga mdomo!" Akaja. Hakuimba, alikunywa chai yangu.

Nitakuambia kweli. Wimbo huu nilikuwa sijauimba tangu baba yako atutoke, na hii itakuwa Krismasi ya tatu. Kanisani wakiuanza mimi huwa natoka kwenda kuangalia masufuria ya nyama. Watu wanadhani napenda kupika.

Maneno unayakumbuka? Sisi hapa Tlangvar hakuna aliyewahi kuona kondoo kwa macho, bibi yangu aliamini ni mbuzi waliovaa sweta, lakini wimbo wa wachungaji tunao. Malaika wamekuja, wachungaji wote wanataka kukimbilia Bethlehemu. Mstari wa tatu wanaulizana, "Nani atalinda zizi?" Mmoja anawajibu katika mstari wa nne, "Nendeni, mimi nitamwona kutoka hapa." Huyo ndiye niliyempenda tangu utoto. Wenzake walimwona mtoto na mama yake na nyota juu ya paa. Yeye aliona kondoo na giza, na hakulalamika.

Kitabu sikutazama. Kilikuwa juu ya kabati kinanitazama mimi, lakini sikukitazama.

Wazee wamerudi tena. Nimewakatalia tena.

Jibu nililokuuliza.

Mama yako,
Darthiangi


Kalkuta
22 Novemba 1988

Mama,

Nilikuwa kwenye wanne. Nisamehe.

Mwezi wa tisa Mwalimu Arathoon alifungua karatasi zangu akakuta chini ya kila noti nimeandika herufi za solfa kwa penseli. Zote, kurasa kumi na nne. Noti za hapa bado nazisoma polepole, Mama, lazima kwanza nizigeuze ziwe d na r na m, kama kanisani, ndipo vidole vinaelewa. Aliniambia, "Wewe mtoto unapiga piano kama mtu anayesoma barua ya jirani kwa kuchungulia." Akasema nianze kufikiria kurudi nyumbani. Nilitoka pale sikuona ngazi. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungepanda lori.

Na wimbo wetu nilipoupiga mbele yake mara ya kwanza, niliujaza kila nilichojifunza. Mkono wa kushoto ulikuwa unaruka kama mbuzi kutoka chini kabisa hadi katikati, wa kulia unateremka mbio vibonyezo vyeupe na vyeusi. Yeye alikuwa anamenya chungwa. Nilipomaliza akasema, "Vidole vyako vinakimbia kama watu waliochokoza nyuki. Huyo mchungaji wako yuko wapi?" Nikasema yumo. Akasema, "Simsikii. Nasikia nyuki."

Siku tatu baadaye karatasi yako ikafika, na mguu wa kuku.

Nilianza upya. Mkono wa kulia peke yake unataja mstari, mkavu, haraka, kama Mzee Hrangchhinga. Kabla haujamaliza kutaja, watu wanaingia na mikono yote miwili, polepole, wazito, kila mmoja na wakati wake, kama tunavyoimba. Niliandika vidole vinne vya mkono mmoja viwe vinashikilia sauti za watu wakati kidole gumba peke yake kinataja mstari unaofuata. Ni vigumu, Mama, nilitumbukiza mikono kwenye maji ya moto kila jioni. Zile mbio sikuzitupa. Nimeziweka mwisho, watu wakishaanza kucheza.

Lakini jambo lenyewe ni mstari wa tatu. Baada ya "Nani atalinda zizi" wewe umeacha mapigo mawili matupu. Umeweka nukta zako mbili za kutenga mapigo, hakuna kitu, nukta mbili, hakuna kitu. Kisha ndipo "Nendeni." Mwalimu alinyoosha kidole, "Hapa pana nini?"

"Kimya."

"Kwa nini?"

"Ndivyo anavyoimba Mama."

Aliweka chungwa chini. "Basi piga anavyoimba mama yako."

Nikapiga. Swali, kisha kimya, mapigo mawili, na ukumbi mzima mtupu unasubiri nani atasema mimi. Nikasikia nywele za mikono zinasimama. Sasa kazi yote nimeijenga juu ya zile nafasi mbili. Wimbo unarudi mara tatu, kila mara mkubwa kuliko kwanza, na kila mara unafika pale unasimama. Mwalimu hajasema nabaki. Ila hasemi tena nyuki.

Wewe uliyeandika vile unaogopa kutaja mistari kumi mbele ya watu waliokuzoea?

Mwanao,
Mawite


SIMU YA MAANDISHI
Imepokelewa Kalkuta, 9 Desemba 1988

NAFASI MBILI MSTARI WA TATU NI KOSA LANGU STOP HAZIMO KITABUNI STOP ZIFUTE MWANANGU STOP MAMA


Tlangvar
8 Desemba 1988

Mawite wangu,

Nimetoka posta kupeleka simu. Karani aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado. Najua barua hii haitakuwahi, lakini siwezi kukaa bila kukuandikia.

Ilikuwa hivi. Barua yako ilifika jana, nikaisoma taratibu hadi mwisho, nikafurahi, nikaenda kumsomea Kapzuali, na nyumbani kwake nikamkuta Mzee Hrangchhinga na Zarzova anayepiga ngoma siku hizi. Mzee akasema, "Imba tusikie huo mstari uliowashinda watu wa Kalkuta." Nikaimba. Nikafika "Nani atalinda zizi", nikanyamaza, nikaendelea.

Mzee akasema, "Umesahau?"

Nikasema sijasahau, ndivyo ulivyo.

"Zarzova, fungua kitabu."

Zarzova akafuata kwa kidole. Akasema, "Hapa hakuna nafasi, Mama Mawite. Unakwenda moja kwa moja."

Mzee akacheka, akasema hata kipofu anaona hilo. Nilikwenda nyumbani nikakishusha kitabu kabatini. Nimekitazama mara tatu. Hakuna nafasi. Hakuna hata nusu ya nafasi. Sijui mkono wangu ulipitiwa na nini. Labda nilikuwa navuta pumzi. Labda nilikuwa namfukuza kuku!

Wewe umekaa wiki tatu unajenga nyumba juu ya pumzi za mama yako, mwanamke wa darasa la pili, na tarehe 12 hawa watu watatu wataleta kitabu waseme nani alimfundisha huyu? Usiwaambie ni mimi. Hapana, waambie ni mimi, kosa liwe langu.

Wakikurudisha, njoo. Chumba chako nimekifagia. Lakini sikukifagia kwa sababu nadhani watakurudisha. Nilifagia tu.

Mama yako,
Darthiangi


Kalkuta
13 Desemba 1988

Mama,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Sasa soma polepole.

Simu yako ilinikuta ukumbini, siku tatu kabla. Nilisoma mara moja. Nikaipeleka kwa Mwalimu Arathoon. Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia. "Mama yako anasema amekosea. Wewe unasemaje?"

Nikasema, "Mama ndiye anayejua."

"Basi ziba. Una siku tatu. Ila nikuambie, ukiliziba hilo shimo, nyumba yote inaanguka, maana umeijenga kulizunguka."

Nikaenda nikaziba. Nilipiga mstari wa tatu moja kwa moja kwenda wa nne, kama kitabu. Mama, sikuweza. Si kwamba ilikuwa mbaya. Mwili ulikataa. Kila nikifika pale mkono wa kushoto unanyanyuka wenyewe juu, unaganda. Nikarudia mara ishirini. Unanyanyuka. Nikaukemea kwa sauti, Sucheta akadhani nagombana na mtu.

Ndipo nikafumba macho nikauacha ushuke unapotaka. Ukashuka chini kabisa, mwisho wa piano, mara mbili. Dum. Dum.

Na mgongo wangu ukakumbuka kabla yangu mimi. Nilikuwa na miaka sita, Krismasi mchana, nimekaa sakafuni nimeegemea ile ngoma kubwa kwa mgongo, na wewe uliniambia mara mia nitoke pale nitakuwa kiziwi. Watu wakaimba "Nani atalinda zizi", na Baba akapiga mbili. Zilinipita mgongoni zikatokea kifuani. Na Mzee Hrangchhinga akageuka na kitabu mkononi, "Lianzuala! Kitabu hakina hizo mbili!" Na Baba anamjibu bila kuacha kutabasamu, "Mzee, kitabu hakijawahi kupiga ngoma."

Kila mwaka, Mama. Kila mwaka waligombana palepale, na kila mwaka Baba alipiga mbili, na kanisa zima lilimsubiri. Alipoondoka Mzee akamwambia Zarzova apige kama kitabu. Wewe hukujua kwa sababu ulikuwa nje na masufuria.

Hukukosea. Hukuwa unavuta pumzi, wala haikuwa kuku. Ulimwachia Baba nafasi yake.

Nilimweleza Mwalimu. Alinipa nusu ya chungwa.

Sasa jana. Nilikuwa wa sita kupiga. Mikono baridi kama samaki. Nilivaa sweta ya kijani, walinikataza, nikaivaa. Nikataja mstari wa kwanza, nikasikia ninyi mnaingia. Mara ya kwanza kwenye zile nafasi mbili nikaacha kimya. Mtahini mmoja, mzee mwenye ndevu, aliacha kuandika akatazama juu, nafikiri alidhani nimesahau. Mara ya pili, mikono yote ikiwa imejaa, nikakata ghafla, kimya. Safari hii hakuandika kabisa, alikuwa ameshika kalamu hewani. Ukumbi wote ulikuwa umejua. Walikuwa wanasubiri.

Mara ya tatu ni zile mbio zote, sauti nne, watu wanacheza, kidole gumba kinapiga kelele "Nani atalinda zizi", nikanyanyua mkono wa kushoto juu ya kichwa, Mama, kama yeye, nikaushusha. Dum. Dum. Piano ile kubwa ilitikisika hadi miguuni. Na kabla haijatulia "Nendeni" ikatoka kwa mikono yote miwili, kutoka chini hadi juu, na nikasahau kwamba ni mgumu. Vidole havikugeuza kitu kuwa kitu. Vilikuwa vinaimba tu.

Nilipoinuka sikusikia makofi mara moja. Kisha nikasikia, na yalikuwa yanapigwa kwa miguu pia. Yule mwenye ndevu alikuwa amesimama.

Walisoma majina kuanzia wa tatu. Wa tatu si mimi. Wa pili Sucheta, akapiga ukelele kama mtu aliyeungua. Nikasema basi, nimekwisha. Wa kwanza wakasoma Ramdinmawii, vibaya, wakaliharibu kabisa jina langu, na ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Mwalimu Arathoon alinipa mkono, akasema, "Kesho saa mbili asubuhi. Usichelewe." Kisha akarudi. "Ile kalenda yenye mguu wa kuku, naomba niitundike kwenye chumba changu."

Nimemwambia nitakuuliza.

Sasa, nani atataja mistari Tlangvar? Kuna watu wanakusubiri kwenye nafasi mbili tupu.

Mwanao,
Mawite


Tlangvar
26 Desemba 1988

Mawite wangu, wa kwanza wangu,

Barua yako ilifika tarehe 23. Niliisomea posta, palepale nimesimama, na karani akaniuliza tena kama kuna msiba, kwa kuwa nilikuwa nalia. Nikamwambia mwanangu ni wa kwanza Kalkuta nzima. Najua hukusema Kalkuta nzima. Nilipofika kwenye kona ya kisima nikapiga kelele, Kapzuali akapokea kutoka kwake, na kabla sijafika nyumbani mlima wote ulikuwa unajua, na watu wa bondeni walikuwa wanasema umekuwa wa kwanza India. Sikuwasahihisha.

Unadhani nilimsahau baba yako? Sikumsahau. Nilikuwa nimemfungia nje pamoja na masufuria. Mkono wangu ukamfungulia bila kuniuliza.

Nilikwenda kwa Mzee Hrangchhinga kabla sijafikiri, maana nikifikiri siendi. Nikasema, "Mzee, nitataja mimi." Akauliza, "Wimbo gani utaanza nao?" Nikasema, "Unajua gani." Kisha akasema, "Uvae viatu vizuri, watu wataangalia miguu." Ndiyo baraka yake hiyo.

Siku ya Krismasi mchana kanisa lilijaa hadi madirishani. Nje nguruwe wanne walikuwa kwenye masufuria, harufu inaingia, watu wanaimba huku wanameza mate. Nikasimama pale mbele. Nilimwona mzee mmoja wa bondeni anamnong'oneza mwenzake, "Huyu mwanamke ataweza?" na mke wa mchungaji akamgeukia, "Wewe ulitaja mwaka gani?" Kitabu nilikuwa nimekishika, lakini juu chini, niligundua baadaye.

Nikataja mstari wa kwanza. Sauti ilitoka nyembamba. Wakaingia. Wa pili ikatoka nene kidogo. Nikataja, "Nani atalinda zizi," wakauimba wote, mzito, mrefu, wanaume wanavuta besi kutoka miguuni, na walipoumaliza, sikutaja wa nne.

Kimya. Zarzova alikuwa amenyanyua mkwiro wa ngoma aendelee kama kitabu. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Mkwiro ukabaki juu. Watu wanatazamana, wengine wanadhani nimesahau, mtoto mmoja akakohoa. Nikasema moyoni, Darthiangi, leo umejitia aibu kwa kizazi chote.

Halafu nikasikia benchi la wazee linakwaruza sakafu. Mzee Hrangchhinga alikuwa amesimama. Alikuja anapapasa, bega kwa bega, kichwa kwa kichwa, hadi kwenye ngoma, akanyoosha mkono, Zarzova akamwachia mkwiro. Na yule mzee, aliyegombana na baba yako miaka kumi na tisa kwa ajili ya mapigo mawili, akayapiga.

Mbili. Sawasawa. Mahali pale pale.

Na mimi nikataja, "Nendeni, mimi nitamwona kutoka hapa!" Sikutaja, nilipaza! Wakaingia, Mawite, wakaingia kama paa limefunguliwa. Hatukumaliza kwa mara moja. Tuliurudia, tukaurudia tena, watu wakatoka kwenye mabenchi wakacheza mduara, Kapzuali yumo, mashavu na yote, na kila tukifika pale kanisa zima linanyamaza linamsubiri Mzee, naye anapiga mbili, na kila mara anacheka kama mtu aliyeiba embe. Mara ngapi sijui. Niliacha kuhesabu nilipogundua nacheza na mimi.

Nyama iliungua. Sufuria mbili, chini kabisa. Wapishi walikuwa wameingia ndani kucheza. Tuliila hivyo hivyo kwenye majani ya mgomba, na hakuna aliyelalamika ila Kapzuali, aliyesema, "Mwanao anashinda Kalkuta, sisi tunakula mkaa," huku anaongeza sahani.

Mzee alikuja kukaa karibu nami na wali wake. Nikamwambia, "Mzee, kitabu hakina zile mbili."

Akatafuna. Akasema, "Kitabu kimechapwa vibaya."

Mwambie Mwalimu Arathoon ile kalenda asiitundike. Inatia aibu, ina mbolea upande mmoja na kuku upande mwingine. Nimeandika nyingine, hii hapa, nyuma ya mwezi wa Desemba, kwa wino mweusi, nimekaa mezani, kuku nimemfungia nje. Atazame mstari wa tatu. Zile nafasi mbili zipo, na safari hii nimeziacha nikijua.

Unakula?

Mama yako,
Darthiangi